Dakika Tisini na Nne Kitini

Jumatatu, 12 Februari

Majina yamebandikwa kwenye mlango wa ukumbi saa nne asubuhi. Nilifika saa tatu na nusu, nikajifanya napita tu. Nilipita mara sita. Jina langu lipo. Wendell Stroud: Baba. Baba wa nani sijui, mchezo wenyewe sijausoma, lakini baba ni baba. Miaka ishirini na miwili katika kikundi hiki cha maigizo sijawahi kupewa nafasi ndogo, na sioni kwa nini nianze sasa.

Chini yangu: Gordon Tibbets, Daktari. Gordon ni daktari wa meno. Amepewa daktari. Huko si kuigiza, huko ni kuja na koti lako la kazini.

Nikampigia Maribeth hapohapo nikiwa barabarani. Binti yangu huyo yuko Pittsburgh, na hajakanyaga hapa Ohio tangu Sikukuu ya Shukrani ya mwaka juzi, alipoondoka kabla pai haijakatwa. Mpaka leo sielewi kilichomkera. Loretta, mke wangu, anasema mtoto alijaribu kutuambia jambo mara tatu pale mezani, na mara zote tatu nilikuwa nasimulia kisa cha zulia la hakimu. Lakini kile ni kisa kizuri!

Nimemwambia Maribeth kwamba safari hii mchezo mzima uko mabegani mwangu. Kisha akasema atakuja Jumapili ya onyesho la mwisho, saa nane mchana. Atakuja. Nimeshinda dukani kwangu, kwenye mazulia, nikipiga mluzi, na nimemuuzia mteja zulia la rangi ambayo alikuwa ameikataa mara mbili. Nikimpata mwanangu tena kwa ajili ya mchezo huu, sitaomba kingine.

Jumatano, 14 Februari

Tumeusoma mchezo, wote tumekaa duara. Nimechanganyikiwa.

Unaitwa Sebule Isiyo na Milango. Umeandikwa na mtu wa New York ambaye, kwa maoni yangu, nyumbani kwao hapakuwa na raha. Kuna binti, kuna mama, kuna daktari wa akili. Wanabishana kwa dakika tisini na nne kama baba aliwahi kuwepo nyumbani au hakuwahi. Baba mwenyewe amekaa kitini katikati ya jukwaa. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa nikiisubiri zamu yangu ya kusema. Tukafika mwisho. Wenzangu wakafunga vitabu. Nikainua mkono nikasema nakala yangu ina kasoro, kurasa zangu zimenyofoka. Hazijanyofoka. Baba hasemi neno hata moja. Maelezo yake yote ni haya, nayanakili: "Baba yupo kitini. Au hayupo."

Nikamuuliza mwongozaji ni lipi kati ya hayo mawili. Mwongozaji ni Corinne Vasko, mgeni wetu kutoka Columbus, anavaa skafu mbili kwa wakati mmoja. Akaniambia, "Wendell, hilo swali usilijibu. Kaa ndani yake." Nimekaa ndani yake tangu wakati wa chakula cha jioni na sijaona kitu.

Halafu akatusomea mkataba wa wenye mchezo. Hakuna kuongeza neno. Hakuna kupunguza. Tukikiuka, wanafunga onyesho. Alipokuwa anasoma alinikazia macho mimi. Kuna mtu amenichongea kwake kwa habari za ule mwaka nilipotia hotuba fupi kwenye mchezo wa Krismasi. Ninamjua mtu huyo. Anang'oa meno.

Nilimweleza Loretta. Alicheka mpaka akashikilia sinki. Akasema ameomba kitu hichohicho miaka thelathini na minne, na mwanamke wa skafu amekipata kwa mkutano mmoja.

Sasa Maribeth. Siwezi kumfanya mtoto aendeshe gari kwa saa mbili na nusu kuja kumtazama baba yake akiwa fanicha. Lazima nipate neno. Moja tu.

Jumanne, 20 Februari

Mpango wa kwanza. Corinne ametutaka kila mmoja aandike maisha ya mhusika wake, kwa ajili ya undani. Wenzangu wameandika nusu ukurasa. Mimi nimeandika kurasa kumi na moja. Huyu Baba ninayemcheza alikuwa mtangazaji wa redio. Alihutubia mikutano. Aliimba besi kanisani. Alikuwa maarufu katika kaunti tatu kwa sauti yake. Mtu yeyote akisoma ataona kwamba kumnyima mtu huyo mstari ni ukatili.

Corinne alisoma zote. Machozi yakamlengalenga. Akasema sasa anaelewa kwa nini ukimya wa huyu mtu unaumiza kiasi kile, na kwamba nisithubutu hata kupumua kwa sauti.

Katika mazoezi Gordon aliingia jukwaani, akavua koti, akanitundikia kichwani. Nikasimama nikalalamika. Akasema kwa upole kabisa kwamba daktari wake hamwoni baba, kwa hiyo pale yeye aliona mahali pa kutundika koti tu, nisichukulie vibaya. Corinne akasema ni ugunduzi mzuri. Tumeliacha. Yaani kuanzia leo kuna dakika nne kila siku ambazo niko chini ya koti la Gordon, linalonuka dawa ya kusukutulia.

Jumapili, 25 Februari

Mpango wa pili, na huu ni wa kisomi. Nimeandika barua isiyo na jina kwenda kwa Corinne, kutoka kwa Mpenda Sanaa Mwenye Wasiwasi. Inauliza kama mji huu umefika mahali pa kuwanyamazisha akina baba. Inataja, kwa kupita tu, kwamba kuna mwigizaji fulani mwenye uzoefu ambaye watu husafiri kuja kumsikia. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Nimeipeleka posta ya mji wa jirani. Hata Loretta hajui.

Jumatano, 28 Februari

Corinne ameisoma barua mbele ya wote kabla ya mazoezi. Kisha akaigeuza wakaona kichwa cha karatasi. Mazulia ya Stroud, Tunakukanyagisha Vizuri.

Nikasema ni karatasi ambayo mteja yeyote angeweza kuichukua. Gordon akasema, "Pole, mzee. Huyo mteja anakupenda sana." Wakacheka mpaka mafundi wa taa kule juu. Sijui hata kwa nini nilitumia karatasi ile. Ilikuwa karibu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikohozi. Mkataba unakataza maneno, haukatazi kikohozi. Leo nilikohoa mara tatu, kila mara kwa maana tofauti. Cha kwanza lawama, cha pili majuto, cha tatu niliacha wazi.

Corinne akasimamisha mazoezi. Akasema mtu asiyekuwepo hakohoi. Nikasema, kwa hiyo tumekubaliana sipo? Akasema hapana, hilo usilijibu. Nikawauliza wenzangu wakati wa kahawa. Gordon anasema baba alikufa kabla mchezo haujaanza. Anayecheza mama anasema baba yuko hai ila amekwenda Florida. Kayleigh, msichana wa benki anayecheza binti, anasema yeye akitazama kile kiti anamwona baba yake mwenyewe, basi, hafikirii zaidi. Kichwa kinaniuma. Nilikuwa nacheza michezo ambayo mtu akifa anaanguka, watu wanajua.

Kayleigh ni hodari, lazima nikiri. Karibu na mwisho anapiga magoti mbele ya kiti changu na kulia ukurasa mzima na nusu. Anauliza kwa nini baba hakuwahi kumsikiliza. Kisha maandishi yanataka ukimya wa sekunde kumi. Machozi yake yananidondokea mkononi. Kila jioni natamani kumkatiza. Nina majibu mazuri sana.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini nilichelewa hivi.

Adhabu ya kuongeza neno ni kufungiwa onyesho. Maonyesho ni matatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikisema Jumapili, mwishoni, watafunga nini? Hakutakuwa na cha kufunga. Na Jumapili ndiyo siku ya Maribeth. Akili gani hii.

Nitasema katika zile sekunde kumi. Mstari wangu ulianza ukiwa na sentensi kumi na nne. Nimeupunguza kwa uchungu mkubwa mpaka sentensi moja: "Nilikuwepo muda wote." Nitasimama, nitamtazama Kayleigh, nitautoa kwa kifua mpaka kiti cha mwisho nyuma. Maribeth atajua baba yake ni nani.

Mazoezi ya siri nafanyia ghalani, nyuma ya duka. Tatizo ni kwamba mazulia yanameza sauti. Nasema mstari, unafia kwenye zulia la kwanza. Kwa hiyo napaza zaidi. Leo nimefanya mara sitini. Bado nasikika kama mtu aliye ndani ya mto wa kulalia. Kesho nitaongeza.

Ijumaa, 22 Machi

Ufunguzi. Watu arobaini na wanane. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka kwenye mlo wa samaki wa kukaanga wa Kwaresima kule parokiani, ukumbi mzima ukanuka mafuta.

Kila mtu wa jukwaa anajua kwamba kumtakia mwenzio heri ni kumletea mkosi. Tunaambiana vunja mguu, na yanaishia hapo. Nikamfuata Gordon chumba cha kuvalia nikamtakia kila la heri. Nikamtakia mafanikio. Nikampungia kwenye ngazi nikamtakia bahati njema. Mara saba kwa jumla. Gordon akacheza vizuri kuliko maisha yake yote, wakampigia makofi katikati ya onyesho. Mimi nikagonga ugoko kwenye mguu wa kiti gizani na nikashindwa kulalamika, maana sisemi.

Baadaye bibi mmoja alimwambia Loretta kwamba ile sanamu kitini imetengenezwa vizuri sana.

Jumamosi, 23 Machi

Ghalani tangu asubuhi hadi saa kumi. Mara mia mbili na kumi. Loretta alileta chai yenye asali akaniuliza nampigia nani kelele. Nikamwambia ni siri. Akasema siri hiyo inasikika mpaka kituo cha mafuta. Basi mazulia yameanza kushindwa.

Koo linawasha kidogo. Si neno. Kuanzia sasa sisemi na mtu yeyote mpaka wakati wa mstari. Nahifadhi sauti. Hivi ndivyo wakubwa wa kazi hii wanavyofanya.

Jumapili, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikaa kimya. Loretta alikwenda kanisani, akarudi, tukanywa kahawa, sikusema neno. Akasema hajawahi kufurahia Jumapili kama hii.

Saa nane. Ukumbi umejaa. Maribeth mstari wa tatu, koti la kijani, amekonda. Nimekaa dakika themanini na tano, nne kati ya hizo chini ya koti la Gordon. Kayleigh akapiga magoti. Akalia. Akauliza kwa nini hukuwahi kunisikiliza. Ukimya ukaanza.

Nikasimama.

Baba hasimami katika mchezo huu. Kayleigh akasahau kufunga mdomo. Pembeni Gordon alikuwa ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Nikavuta pumzi mpaka vifungo vikakaza. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Upepo tu. Mara ya tatu nilisukuma kwa nguvu zangu zote mpaka machozi yakanitoka, midomo ikatamka kila neno, na sauti haikuwepo. Sauti yangu niliiacha ghalani, kwenye mazulia.

Nikakaa. Ningefanya nini?

Kisha mtu akaanza kulia kwa kwikwi, halafu wa pili, halafu upande mzima wa mkono wa kulia. Loretta anasema wa kwanza alikuwa Maribeth. Pazia liliposhuka watu walisimama. Walipiga makofi mpaka Gordon akaanza kuinama mara ya pili bila kuitwa.

Nilijua Corinne atanifukuza. Akanikumbatia. Akasema ameongoza michezo miaka kumi na tano na hajaona kitu kama kile, mtu aliyetaka kusema akachelewa maisha yake yote. Na mkataba? Hakuna neno lililoongezwa. Nikajaribu kumweleza. Akaniwekea kidole midomoni akasema, "Usiliharibu."

Desturi yetu Jumapili ni watazamaji kubaki na kuwauliza waigizaji maswali. Wote waliniuliza mimi. Nilifikaje kwenye ukimya ule? Nikafungua mikono. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama baba alikuwa amekufa tangu mwanzo. Moyoni nikasema sijui, jamani, tangu Februari naulizia! Nikapandisha mabega. Corinne akanong'ona, "Ndivyo hasa." Gordon alijibu maswali mawili ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kisha tukaenda kula pai, mimi, Loretta na Maribeth. Maribeth akazungumza kwa saa mbili. Ilihusu Craig, mumewe. Nadhani wameachana. Tangu mwaka juzi, kama nilifuata vizuri. Kuna habari ya chumba cha kupanga, na ya kulala na taa imewaka. Nilikuwa na ya kusema kuhusu mambo hayo yote, hasa Craig, ambaye hakuwahi kujua zulia zuri. Nilijaribu kumkatiza mara kumi na moja. Nilihesabu. Kila mara upepo. Nikamwonyesha koo langu. Akasema, "Najua, baba. Hata mimi limenikaba." Nikamwashiria mhudumu aniletee kalamu niandike kwenye kitambaa cha karatasi. Loretta akaipokea ile kalamu, akaitia mkobani, akaagiza kahawa nyingine. Chini ya meza alikuwa amenikanyaga mguu.

Maribeth akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hii ni mara ya kwanza katika maisha yake nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikatikisa kichwa kukanusha. Akadhani najuta. Akanibusu. Akasema atakuja Pasaka, Jumapili ijayo, na atakaa siku tatu.

Siku tatu! Moyo umejaa mpaka sijui niuweke wapi. Lakini jambo moja linanisumbua. Mtoto amekwenda zake akiamini kitu ambacho sicho. Hajui kwamba nilikuwa na mstari.

Jumatano, 27 Machi

Sauti imerudi. Ilirudi saa moja asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu. Nilisema mstari wangu mara nne mbele ya kioo kisha nikampigia Maribeth. Loretta alikuwa jikoni akasema, "Wendell, kwa hisani yako, usipige." Hakutoa sababu ya maana.

Nikamweleza Maribeth kila kitu kwa mpangilio. Kwamba nilikula njama. Kwamba ule ukimya haukuwa ukimya, ulikuwa koo. Kwamba kwenye pai nilijaribu kumkatiza mara kumi na moja, kwa hiyo asidhani nilikaa tu pale kama gogo. Akaanza kusema kitu, "Baba, leo nilitaka," nikamwomba asubiri kidogo nimalize kuhusu mazulia. Nikautoa mstari kama ulivyopaswa kutolewa. "Nilikuwepo muda wote!" Ulitoka vizuri kupita kiasi, mbwa wa jirani alibweka. Kisha nikamsomea na zile sentensi kumi na tatu nilizozikata. Maribeth akasikiliza. Hakuuliza, hakukohoa, hata pumzi sikuisikia. Nikafurahi. Kile kipaji alichokiona Jumapili amekirithi.

Loretta akaja akanichukulia simu mkononi, akaitazama, akaniambia imekatika tangu dakika ya tisa. Nimeongea dakika hamsini na mbili.

Mtandao wa Pittsburgh ni mbovu, nimeshasema siku nyingi. Nimepiga tena mara tano haipatikani. Saa tano Maribeth akamwandikia mama yake ujumbe kwamba Pasaka hii kazi zimembana. Loretta aliniwekea ujumbe ule mbele ya macho, kisha akaenda kukaa kibarazani peke yake, na kikombe kitupu. Sijui wamekuwaje leo hawa.

Nimekaa kumwandikia Maribeth barua, apate yaliyopotea kwenye simu. Niko ukurasa wa sita na bado sijafika kwenye mstari wenyewe. Nimesahau kumuuliza habari za yule Craig, lakini hilo nitalitia mwishoni, nafasi ikibaki.